Mguu wa Mjomba Shingoni mwa Gitaa

Gitaa la Celestino lilikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe aliupenda kuliko afya. Lilikuwa na mkono. Mkono wa chuma, umechomoza kwenye daraja la nyuzi: ukiukandamiza, sauti inazama na kulia kama mtoto aliyenyimwa titi, ukiuachia, sauti inapanda tena. Inapanda, sikatai, lakini hairudi nyumbani. Inaishia kwa jirani. Na kwaya ya kanisa la mtaa wa New Site, Juba, kwa kuwa ilifuata gitaa kwa uaminifu, nayo iliishia kwa jirani kila Jumapili.

"Celestino," alisema Mama Nyapal, kiongozi wa kwaya, "Jumamosi binti yangu anaolewa. Wakwe wanatoka mbali. Gitaa lako likipotoka mbele yao, basi kalas, imekwisha. Nitaleta kinanda, na wewe utahamia kwenye makofi."

Makofi! Mtu amekulia Eldoret, amejifunza gitaa mpaka vidole vikaota sugu, leo apige makofi na watoto wa shule ya Jumapili? Celestino aliumia rohoni, tena sana.

"Si uung'oe tu huo mkono?" akauliza Mama Nyapal.

Kuung'oa mkono! Bora wangemng'oa meno.

Siku hiyohiyo akalibeba gitaa mpaka Jebel, kwa rafiki yake Gune, fundi wa pikipiki. Gune alikulia Uganda na hakuna kitu duniani alichokiogopa kukifungua. Akaukandamiza mkono, akauachia, akasogeza jicho pale shingo ya gitaa inapokutana na kichwa, kwenye kile kipande cheupe cha plastiki chenye mifereji ya kupitishia nyuzi.

"Waya inateleza ikienda," akasema. "Ikirudi, inakwama hapa."

"Najua, bro. Wenye pesa zao hapo huweka nati ya kufungia, inabana nyuzi kwa skrubu, haziendi popote. Lakini hapa Juba hiyo kitu mafi, hakuna kabisa. Nimemtuma binamu yangu Nairobi, ametafuta mpaka amechoka."

"Ya nini kufunga? Waya ya klachi ikikwama mimi nafunga? Mimi naweka grisi. Waya ni waya."

Basi wakaweka grisi. Nyuzi ziliteleza vizuri ajabu, ila mazoezini grisi ikatoka vidoleni ikaingia kwenye joho jeupe la Celestino, ikatoka kwenye joho ikaingia kwa waimbaji wa sauti ya pili, na mpaka wimbo wa tatu kwaya nzima ilikuwa kama gereji. Wakajaribu mshumaa. Wakajaribu unga wa penseli, ambao kwa kweli ulifanya kazi, wimbo mmoja. Gune akaja na wazo la kupaka siagi ya karanga aliyokuwa anakula mchana ule. Sitaki kulisimulia sana hilo. Itoshe kusema kwamba watu walipofumba macho kuomba, siafu walipanda shingo ya gitaa kwa mstari, na Celestino ndiye pekee aliyesema amina kabla ya wakati.

"Kosa si mafuta," Gune akakiri. "Hii plastiki ni laini, waya imeikula. Tunataka kitu ngumu. Leta mfupa ya ng'ombe, mimi nachonga."

Mfupa! Na kesho yake Ijumaa kwa Mama Nyapal dume la harusi lilikuwa limechinjwa. Celestino alifika akakuta shughuli: huyu kabeba mbavu, yule kabeba kidari, kila mtu anajua anakokwenda. Nyuma ya nyumba, juu ya matawi, mguu mmoja wa nyuma umelazwa peke yake na kufunikwa gunia. Hakuna aliyeugusa. Kila aliyepita aliukwepa.

"Hawautaki," Celestino akajiambia.

Ala! Asiyejua maana haambiwi maana. Yeye ni mtoto wa kabila la Wabari, si wa ukoo ule, tena amelelewa Kenya. Harusi alizozijua, unapewa sahani ya pilau na huulizi ubavu ni wa nani. Akapasua nyama, akachomoa mfupa wa muundi, na kwa kuwa ni mwaminifu, nyama yote akaiacha. Akaikunja vizuri na kuifunika tena.

Huko Jebel, Gune akauchemsha mfupa, akaukata, akaupiga tupa na msasa mpaka ukang'aa, akauchonga mifereji na kuupachika mahali pa ile plastiki. Mifereji wakailainisha kwa uzi mkuukuu wa gitaa, wakatia mafuta ya lulu kidogo, yale ya kokwa za mti, ya mama zetu ya kujipaka. Celestino akakandamiza mkono mpaka nyuzi zikalegea kama kamba za kuanikia nguo. Akauachia. Sauti ikarudi nyumbani, ikafunga mlango, ikakaa. Celestino akamkumbatia Gune na grisi zake zote.

Jumamosi, turubai limejaa, wakwe wameketi, bibi harusi yuko ndani anangoja kutoka. Mama Nyapal akamtazama Celestino kwa jicho la kinanda. Mara kaka wa Mama Nyapal akainuka: Mjomba Riang, mzee mrefu mwenye fimbo, Kiswahili chake alikitoa kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

"Kabla binti hajatoka," akasema, "mguu wa mjomba uko wapi?"

Kwenye ukoo ule kila sehemu ya dume ina mwenyewe, na asipoipata, harusi haisogei. Vijana wakaleta mguu. Mzee akaushika juu ili wakwe wauone. Ukajikunja katikati, ukaning'inia.

"Hii ni mguu," akauliza Riang, "ama ni soksi?"

Wakwe wakaanza kunong'ona. Celestino akautazama mguu, akalitazama gitaa. Angeweza kunyamaza, lakini ndani ya nyumba bibi harusi, Nyapal mwenyewe, alikuwa ameanza kulia.

"Mzee, nisamehe. Mfupa uko hapa." Akanyanyua gitaa. "Sikujua. Niliona hauna mtu."

"Celestino!" Mama Nyapal akapiga kelele. "Sasa hata makofi hutapiga!"

Mjomba Riang akalisogelea gitaa, akainama, akakiona kipande chenyewe, chembamba kuliko kidole chake cha mwisho.

"Na ingine yote?"

"Nilichemsha," Gune akajibu kutoka nyuma. "Supu nikakunywa. Ilikuwa tamu, mzee."

"Kijana, ng'oa mfupa wangu."

"Nitaung'oa," alisema Celestino. "Lakini kwanza usikie kazi yake."

Akapiga. Akaukandamiza mkono, gitaa likazama, likalia, wanawake wakaguna. Akauachia. Likarudi sawasawa, halikupotoka hata chembe. Akarudia. Likarudi tena. Fimbo ya mzee ikaanza kugonga chini. Kisha goti moja. Kisha mzee mzima akaruka juu, mara ya kwanza, mara ya pili, na wakwe wakaruka naye.

"Mguu wangu unacheza bila mimi!" akapaza sauti. "Sehemu yangu nimepata. Itoke binti!"

Harusi ikaenda. Kwaya peke yake ndiyo ilipotoka, maana ilizoea kumfuata jirani.

Jioni Mama Nyapal akamwendea Celestino. "Hata hivyo, wewe ni mwizi wa nyama. Kinanda kinakuja."

"Nani anataka kufukuza sehemu yangu kwaya?" ikauliza sauti ya kaka yake nyuma yake. Kinanda hakikuletwa.

Siku hizi Mjomba Riang hakosi mazoezi ya kwaya. Anaketi kando ya spika, na Celestino akipiga wimbo mzima bila kugusa mkono, anamdunga mbavuni kwa fimbo: "Mguu wangu umelala? Amsha!" Juzi binamu wa Nairobi alileta ile nati ya kufungia, mpya, inang'aa. Celestino aliitazama, akamtazama mzee, akampelekea Gune. Gune ameitumia kubania kioo cha pikipiki, na hakitikisiki hata kwenye mashimo ya barabara ya Jebel.