Uzito wa Mama Muturi Wahudhuria Harusi

Mwihaki alikuwa akichambua viazi vilivyooza kibandani kwake katika soko la Mamboleo wakati uzito wake alioupoteza ulipokuja, umevaa gauni lake la zamani, ukaketi juu ya gunia. Mteja aliyekuwepo aliwasalimu wote wawili, akaomba achaguliwe vikubwa.

Mwihaki hakuwa na nguvu hata ya kuinua debe. Tangu Milka aanze kuwadunga wanawake wa chama sindano za kupunguza mwili, kila alichokula kilirudi, maji pia. Yeye na Milka walikuwa chanda na pete. Amolo, binti Milka, alikuwa anaolewa, na sare za chama zilikuwa zimekwisha shonwa, zote saizi moja, kama Milka alivyoagiza. Mtu hubishana na fundi. Habishani na mama wa bibi harusi.

"Milka alisema kutapika ni kawaida," Mwihaki aliuambia uzito.

"Mimi siku ile ya sindano ya kwanza nilibaki jikoni kwake, sikuwa na pa kwenda," ulijibu. "Nilimsikia akimwambia dada yake kwa simu kwamba dawa huanzwa na kipimo kidogo, kinapandishwa polepole kwa miezi, lakini harusi haingoji. Nyinyi mmeanzia juu. Yeye anajidunga kile kidogo."

Mwihaki aliendelea kuchambua. Aliumia, na safari hii si tumbo. Milka ndiye aliyemshika mkono akijifungua Muturi, ndiye aliyemfundisha Kiluo cha sokoni alipokuja mgeni, asiyejua hata kuomba maji.

Jumamosi alikwenda harusini. Sare ilimkaa sawasawa. Uzito ulifuatana naye, ukapewa kiti.

"Mama Amolo, ulijua?" alimuuliza Milka.

Milka alimpandisha zipu mgongoni. "Nilijua, Mama Muturi. Lakini si umependeza? Sasa ungekuja na ule mwili, ungevaa nini?"

Kisha akamkumbusha asikose sindano ya Jumatatu.

Samaki na ugali vililetwa. Mwihaki alijaribu tonge moja, likamshinda. Uzito ulivuta sahani yake ukala. Milka alipopita tena aliuongezea mnofu, akavuta kiti, akauuliza habari za Muturi na shule, na yeye na uzito wakakaa wakicheka pamoja kama zamani.