Bomba la Kijani la Ngazini

Tangu alfajiri Spana hakutulia. Alivaa ovaroli kabla hata hajanawa uso, na chai aliinywa akiwa wima, macho yakiwa ngazini. Siku nne nzima alikuwa amevunja kuta za nyumba ya wazazi wake, akang'oa mabomba ya chuma yaliyochoka na kupitisha mapya ya plastiki kuanzia uani hadi ghorofani. Leo ilikuwa siku ya kufungulia maji, na moyo ulimwenda mbio kama wa bibi harusi.

Jina la Spana alipewa na baba yake, fundi bomba wa mtaa mzima kabla hajastaafu, kwa sababu utotoni alimtupa mwanasesere akawa analala na spana. Sasa fundi ni binti. Baba alibaki mkaguzi asiye na mwajiri, akizunguka na mikono mgongoni na kugusa kila kiungio, akitafuta tone la kumfurahisha.

Miaka tisa maji hayakuwa yamepanda juu ila kwa kudondoka. Mama aliyapandisha kwa ndoo, ngazi kumi na nne, asubuhi na jioni, mpaka goti likagoma. Basi likakatwa shauri: leo maji yasipopanda, Mama anahamia chumba cha stoo huku chini, ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Saa tisa vijana wa Shangazi wangekuja kushusha kitanda. Mama hakulalamika. Alikunja nguo zake, akaziweka juu ya sanduku, akarudi kukaa kwenye dirisha lake la juu anakoona mtaa wote. Spana alimkuta hivyo, akajiapiza kwamba kitanda kile hakishuki.

Lakini kulikuwa na jambo alilolimeza. Baba alikuwa amemwomba kitu kimoja tu. "Ng'oa yote, mwanangu, ila hili la ngazini niachie." Lilikuwa bomba la urefu wa mtu, limesimama wazi ukutani kando ya ngazi, la kwanza Baba kulifunga katika nyumba hii. Kila mwaka alilipaka rangi ya kijani, likang'aa kuliko mlango. Spana alikuwa amelipiga kwa mpini wa bisibisi, sauti ikarudi nzito, kama mtu anayejibu na tonge mdomoni. Alijua maana yake. Ila kumwambia mzee aliyemfundisha kazi kwamba bomba lake limekufa, hilo lilimshinda. Akaunga plastiki chini yake, akaunga plastiki juu yake, akajipa moyo.

Saa nne kamili alifungulia koki kubwa ya uani.

Jikoni maji yalitoka kwa kishindo, yakarukia sufuria na kumlowesha Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa amejisogezea kiti karibu asipitwe na kitu. "Nilikwisha oga," Shangazi akasema, akijipangusa. Bafu la chini nalo likanguruma. Spana akacheka peke yake, akapanda ngazi mbili mbili. Mama alikuwa bafuni, mkono juu ya koki.

"Fungua, Mama."

Tone. Tone jingine. Kisha uzi mwembamba wa maji, uleule wa miaka yote.

Mama aliifunga koki taratibu. "Si neno," alisema. "Chini nako ni nyumbani."

Ilimchoma Spana kuliko kama angelia. Akashuka. Baba alikuwa amekwisha toa hukumu yake ya siku zote. "Maji ya mtaa huu hayana nguvu. Nimesema tangu zamani."

"Kaka, muulize jikoni kama hayana nguvu," Shangazi akasema, akikamua upindo wa gauni.

"Baba," Spana akasema. Aliogopa, na alisema huku anaogopa. "Ni lile la kijani. Nilijua juzi. Nikakuonea haya, nikanyamaza."

Mzee alimtazama. Kisha akageuka, akatoka kwenda uani. Spana akabaki pale chini ya ngazi, akidhani ameharibu kila kitu kwa asubuhi moja.

Baba alirudi akiwa na spana yake mwenyewe, ile kubwa, mpini umezungushiwa mpira.

"Funga koki," alisema. "Nililifunga mimi, nitalifungua mimi."

Alifungua juu, akafungua chini, jasho likimtiririka, na Spana hakuthubutu kumsaidia. Bomba likatoka ukutani likiwa na rangi yake nzuri. Baba akaliinua, akaelekeza ncha moja kwenye mwanga wa mlango, akachungulia ncha ya pili. Alichungulia kwa muda mrefu. Akampa dada yake.

"Kaka, hata sindano ingepita kwa kujibanza," Shangazi akasema, na safari hii hakucheka.

Kutu ilikuwa imejaa ndani mwote. Baba akaketi kwenye ngazi ya kwanza. "Miaka tisa," alisema. "Namwambia mama yako ni maji ya mtaa. Anabeba ndoo anapita hapahapa, ananipisha nipake rangi."

Spana akawasha mashine ya joto, akiwa na haraka na furaha isiyokuwa bado na ruhusa. Alikata plastiki, akapima, akayeyusha, akaunga. Baba alimshikia, akisema "nyoosha kidogo" mara moja tu, na alikuwa amenena sawa.

Koki ya uani ikafunguliwa tena.

"Mama, jaribu," Spana akaita.

Huko juu kitu kikakohoa. Kikatema hewa, kikakohoa tena, halafu yakaja, mengi, kwa mshindo uliosikika hadi jikoni, na juu ya mshindo ule kicheko cha Mama, kirefu, cha msichana. Shangazi alishaanza kupekua mkoba atafute simu, awaambie wanawe wakae kwao.

Maji yaliendelea kumwagika. Mama hakuyafunga. Spana akamtupia Baba jicho, maana katika nyumba hii koki haikupata kuachwa wazi hata kwa muda wa kuhesabu hadi tano bila mzee kupaza sauti kutoka popote alipo.

Kweli, Baba alikuwa amesimama, ameshika ukuta pale penye alama ya bomba lake, kifua kimejaa pumzi.

"Mama Spana!"

Mshindo ukapungua mara moja. Kwa mazoea, Mama alikuwa ameanza kufunga.

"Usifunge," Baba akasema. "Fungua yote."