Kikao cha Mke Asiyempenda Mume

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu kilinijua kwa kazi moja tu: kuwashonea nguo. Wao wako jukwaani wanalia na kucheka, mimi niko pembeni na pini mdomoni, nangoja kufupisha pindo la mtu. Maneno yao nilikuwa nayajua yote. Wakisahau, mimi ndiye niliyewakumbusha, pini zikiwa zilezile mdomoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nami nataka kupanda, na mimi sikusema, kwa sababu nina kiburi.

Basi yule mama aliyekuwa akiigiza mke akahama mji, onyesho likiwa limekaribia. Mwongozaji akazungusha macho ukumbini, yakatua kwangu. "Fundi, wewe si unayajua maneno?" Nikajibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza, nusura nimeze pini.

Shida ilikuwa sehemu moja. Mke anamwambia mumewe, baada ya kuishi naye miaka yote hiyo: "Sijawahi kukupenda hata siku moja." Mume anajibu: "Basi nenda. Mlango uko wazi." Mke anatoka, na mchezo mzima unageukia hapo. Sasa mimi hayo maneno yalinitoka kama mtu anayeuliza bei ya vifungo. Mwongozaji alivumilia, alivumilia, mwisho akavua miwani. "Fundi, nakupa hadi Jumamosi. Ukishindwa, nafasi nampa nesi." Huyo nesi, naye mwanakikundi, alikuwa amekaa viti vya mbele, na hata hakujitia kusikitika.

Nilirudi nyumbani damu inanichemka. Niliitaka ile nafasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikutaka mtu ajue, ili nikinyang'anywa nisichekwe. Lakini mficha uchi hazai, kwa hiyo nilimwambia mtu mmoja tu, mume wangu, na nikamwapisha asimwambie mwingine.

Mume wangu ni fundi wa friji. Ametulia kama maji ya mtungi. Mteja anaweza kumfokea tangu asubuhi, yeye anaendelea kukaza nati. Kila jioni tukishakula tuliingia chumbani, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda na karatasi, mimi nikasimama kando ya kabati. Maneno ya mume aliyasoma kwa sauti ileile anayosomea maelekezo ya kompresa. "Basi. Nenda. Mlango. Uko wazi." Halafu ananiangalia, anatabasamu.

"Baba Pacha, mke wako kakuambia hakupendi!"

"Nimesikia."

"Sasa mbona unatabasamu?"

"Umelisema vizuri."

"Sikulisema vizuri! Ngoja nirudie."

Na hao watoto wetu pacha nao hawakutupa nafasi. Mmoja anagonga mlango anataka kifutio, mwingine anagonga kushtaki kwamba kifutio ni chake. Nawafokea wote wawili, narudi kwenye kabati, namwambia baba yao kwa mara nyingine kwamba sijawahi kumpenda.

Nilichosahau ni chumba cha pili. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi kwa muda akitibiwa macho, na kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wetu. Macho yalikuwa mabovu, lakini masikio yalikuwa mapya kabisa. Tena ni mtu wa adabu za zamani: hawezi kumuuliza mkwewe mambo ya chumbani hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo alisikiliza, akameza, jioni baada ya jioni. Asubuhi ananikuta nammiminia mwanawe chai, nacheka, ananitazama kama anayetazama nyoka. Nikadhani ni zile dawa za macho.

Ijumaa narudi kutoka kununua zipu, nakuta viatu vya wageni mlangoni. Sebuleni vitambaa vya wateja wangu vimekunjwa, cherehani imesukumwa ukutani. Kwenye makochi wamekaa baba mdogo wa mume wangu, kavaa koti na jua lote lile, na kaka yangu mkubwa, ambaye kumpata hata kwa simu ni kazi. Mume wangu yuko kwenye kigoda, mikono magotini. Pacha wamepelekwa kwa jirani. Hapo nikajua kuna kikao.

"Kaa, mkwe," baba mdogo akasema. "Wagombanao ndio wapatanao. Lakini kila mtu aseme lililo moyoni."

"Kuhusu nini, baba?"

Baba mdogo akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama dari. "Mimi sikutaka kusikia, ukuta ndio mwembamba. Kila jioni anamwambia mwanangu hajawahi kumpenda. Maneno yaleyale, hapunguzi, haongezi. Na akiona hayajauma, anasema ngoja nirudie!"

Kaka yangu akashika kichwa. "Mdogo wangu, kweli wewe?"

"Na huyu naye anamjibu aende, mlango uko wazi," mama mkwe akaendelea, "halafu haendi mtu. Asubuhi wanakunywa chai!"

Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe umekaa tu? Hukuwaambia?"

"Si uliniapisha?" akajibu.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nikawaeleza: ni mchezo, nimepewa nafasi, kesho najaribiwa. Hakuna aliyeamini. Baba mdogo aliuliza ni maigizo gani hayo ya chumbani. Kaka yangu akasema mtu akibanwa siku zote hudai alikuwa anatania. Hapo hasira zikanipanda, na mimi nikikasirika sina dogo.

"Baba Pacha, lete karatasi. Nyinyi wengine kaeni mtazame."

Nikasimama kando ya cherehani, nikaanza pale mke anapoingia. Wale wazee wamekodoa macho, wananihukumu, na mimi nikawaacha wanihukumu. Nilipofika penyewe sikupandisha sauti. Nikamtazama mume wangu, nikasema polepole: "Sijawahi kukupenda hata siku moja."

Nikayasikia maneno yanavyotua. Yalikuwa sawasawa. Mama mkwe kaziba mdomo, kaka yangu anaangalia vidole vya miguu yake. Sitadanganya, ndani nilikuwa naruka kwa furaha. Nikangoja jibu langu.

Jibu halikuja. Mume wangu anatazama karatasi.

"Soma, Baba Pacha."

Akaigeuza karatasi, akairudisha.

"Umeandikiwa useme nini?" baba mdogo akamuuliza, safari hii kwa upole.

"Nimeandikiwa nimwambie aende."

"Basi mwambie, tujue ni maigizo."

Mume wangu akaikunja ile karatasi, akanirudishia. "Siku zote nilikuwa namwambia kwa sababu alikuwa hajaweza," akasema kwa sauti ndogo. "Leo ameweza. Mke wangu, nguo nitakubebea, taa za ukumbini nitafunga, watoto nitabaki nao. Ila wa kukuambia uende, mtafute mwingine."

Nikapiga magoti mbele ya kigoda, mbele ya wakwe na kaka yangu, nikajisemea adabu itanisubiri. Nikamshika mikono yake yenye grisi, nikamwambia nampenda, nimempenda tangu hana hata bisibisi yake mwenyewe. Mama mkwe akafuta macho na kusema ni dawa. Baba mdogo akavua koti, akatangaza kikao kimefungwa, akauliza onyesho lenyewe ni lini.

Kesho yake nikasimama mbele ya mwongozaji. Anayeigiza mume ni kinyozi wa mtaani kwetu, mtu asiye na haya hata kidogo. Nilipomwambia sijawahi kumpenda, nesi akaacha kujipepea. Kinyozi akaninyooshea kidole bila kupepesa: "Basi nenda. Mlango uko wazi."

"Tuendelee," mwongozaji akasema, na nafasi ikawa yangu.

Nikatoka kama mchezo unavyotaka, nimeinamisha kichwa, ili watu wasiuone uso wangu. Sidhani kama kuna mwanamke aliyewahi kufukuzwa nyumbani akiwa na furaha kama mimi.