Jina la Kituo cha Sita

Katekista Erasto alikuja na karatasi ya majina ya watakaoweka mashada kabla jeneza halijafika kutoka Tukuyu. Alichuchumaa mlangoni pa jikoni, akaiweka karatasi juu ya goti.

"Dada, pole sana. Watoto wa marehemu nitawaita kwa majina ya ubatizo. Wewe nikuandike vipi?"

"Andika Mwalimu Veronika."

Alijibu upesi, maana jibu alikuwa nalo tangu ndani ya basi. Walimu wenzake walikuwa njiani kutoka Mbeya kuja kumzika mama yake, Doreen aliyesoma naye chuo akiwa mmojawapo, na hakutaka mzee yeyote wa kijijini Masoko asimame kaburini aseme Felonika.

Ndivyo wazee wa kule walivyolitamka. Ulimi uliokulia Kinyakyusa humlainisha mtakatifu yeyote: Gregori kwao ni Geligoli, Veronika ni Felonika, na hakuna aliyeona kasoro. Mama yake, Sekela, alishikwa na uchungu Ijumaa ya Kwaresima, katikati ya Njia ya Msalaba, watu wamepiga magoti kituo cha sita, pale mwanamke aitwaye Veronika anapompangusa Yesu uso. Alitolewa kanisani ameshikwa mabega huku na huku. Akasema, akiwa wa kike, jina nimeshapata.

Kwa miaka ishirini na minne alimwita hivyo, toka shambani hadi kisimani, na Veronika akaitika abee. Hadi siku ya mahafali ya chuo. Sekela alifika Mbeya na mkungu wa ndizi kichwani, akamwona binti yake ndani ya joho, akapaza sauti kwa furaha: "Felonika! Felonika gwangu!"

Doreen aliangua kicheko. "Kumbe wewe ni Felonika! Jamani, Felonika!" Wengine wakadakia.

Veronika hakuitika. Alimwendea mama yake, na mbele ya wote akasema, "Mama, kama jina langu linakushinda, usiliite."

Sekela akautua mkungu chini. Tangu siku ile hakuliita tena. Alimwita mwanangu, alimwita mwalimu, kwenye simu alisema "wewe, hujambo?" Ikapita miaka kumi na moja.

Katekista alipoondoka, mama mdogo Atupakisye, mdogo wa marehemu, aliendelea kumenya ndizi pamoja na Veronika. Kisha akasema bila kuinua macho, "Umeandikisha lile gumu."

"Ndilo jina langu, mama mdogo."

"Najua. Mama yako amelifanyia kazi sana hilo."

"Kazi gani?"

"Hujui? Alikwenda kwa Sista kujifunza. Sista akamwambia, weka meno ya juu kwenye mdomo wa chini, halafu pumua. Basi ikawa ndiyo kazi yake. Tukichuma chai, yuko mstari wa pili, anajing'ata mdomo tu. Fff, fff. Nikamwambia, dada, achana nalo, utakuja kujitoboa bure! Tulicheka sisi, hadi msimamizi akatugombeza." Alitabasamu, kisha tabasamu likafa. "Akasema, akija Krismasi nitamwita vizuri, hata wenzake wakiwepo."

Kisu cha Veronika kilisimama ndani ya ganda la ndizi.

Krismasi ile aliikumbuka. Alishuka kwenye bodaboda, akamkuta mama yake amesimama mlangoni, amevaa kitenge cha kanisani, amebana mdomo wa chini kwa meno, macho yamemtoka. Akamuuliza, "Mama, jino linakuuma?" Na Sekela akauachia mdomo, akajibu, "Ee, mwanangu. Jino." Akampokea begi.

"Alipozidiwa," Veronika aliuliza taratibu, "nani alikuwa anampangusa jasho?"

"Mimi. Wewe ulikuwa unasimamia mitihani."

Jeneza lilifika na mvua nyepesi. Misa ilisomwa uani, kaburi lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba, kati ya migomba na kahawa. Walimu walisimama upande mmoja na miamvuli yao, Doreen mbele, macho mekundu. Udongo ulipokwisha kutandazwa, Erasto akafungua karatasi yake.

"Tunaanza na watoto. Mtoto wa kwanza, Mwalimu Veronika."

Veronika alikuwa ameketi kwenye mkeka, shada mapajani. Hakuinuka.

"Mwalimu Veronika," Erasto alirudia, akimtazama.

Watu wakaanza kugeuka. Veronika akamwinamia mama mdogo wake. "Niite wewe."

"Mimi? Katekista si anakuita?"

"Niite kama alivyokuwa ananiita yeye."

"Hapa? Mbele za wenzako?"

"Hapa hapa, mama mdogo. Tafadhali."

Atupakisye aliwatazama wale walimu, akamtazama tena binti wa dada yake. Halafu akainua kidevu, akaita kama mtu anayemwita mtoto ng'ambo ya shamba la chai: "Felonika! Felonika gwangu!"

Nyuma kijana mmoja alicheka, akanyamazishwa. Doreen hakucheka. Alishusha mwamvuli wake, akainamisha kichwa.

"Abee, mama," Veronika aliitika kwa sauti, akasimama.

Sauti ya Atupakisye ilifanana sana na ya dada yake. Ilikosa tu ule mkwaruzo wa mwishoni. Veronika alitembea kwenye udongo uliolowa, akachomeka shada karibu na msalaba. Matone ya mvua yalikuwa yameifunika picha ya Sekela iliyoegemezwa pale. Akavuta ncha ya khanga yake, akampangusa uso, paji, mashavu, na kinywa. Matone mengine yakaanguka. Akampangusa tena.

"Mtoto wa pili," Erasto akaita, lakini Veronika alikuwa bado amepiga magoti.