Mstari wa Pili

Kila asubuhi baada ya chai, Bwana Pambizo aliwasha kompyuta yake roho mkononi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye swichi, mwingine tayari juu ya kibodi. Kioo kilikuwa cheusi kwanza, halafu ikatokea mistari miwili ya maandishi meupe, mmoja juu na mmoja chini, na pembeni namba iliyokuwa ikishuka: kumi, tisa, nane. Saba haikuwahi kuonekana. Kufikia hapo alikuwa ameshabonyeza enta kwenye mstari wa juu na kushusha pumzi. Miaka minane aliishi hivyo, maana alijua fika kwamba namba ikifika sifuri ataangukia mstari wa pili, na mstari wa pili alikuwa amekula kiapo kwamba hatauingia.

Jina la Pambizo alipewa mahakamani, alikopiga chapa hukumu kwa miaka thelathini na moja. Pambizo ni ile nafasi nyeupe ya pembeni mwa ukurasa, na mzee huyu hakuwa na masihara nayo: kushoto vidole vitatu, kwa ajili ya uzi wa kufungia jalada, na kulia kimoja. Hakimu angeweza kukosea sheria, hilo lilikuwa lake na wakubwa zake, lakini ukurasa wenye pambizo mbovu haukutoka mezani. Mawakili walimcheka, baadaye wakamwogopa, mwishowe wakampa jina. Alipostaafu aliondoka nalo, pamoja na kalamu ya zawadi na maumivu ya mgongo.

Sasa kompyuta ilikuwa inakata roho. Ilikaa dirishani, juu ya meza ndogo, chini ya kitambaa alichofuma mkewe, na kuamka kwake kulikuwa shughuli. Ukiwasha pamoja jiko na kompyuta, maji yalichemka kwanza. Zaidi ya hapo kulikuwa na tangazo lililojitokeza kila siku katikati ya kioo, likisema kwamba mfumo endeshi wake, yaani ile programu inayoiamsha mashine na kuzisimamia programu nyingine zote, umefika mwisho na hautatunzwa tena. Alilifunga, likarudi. Alilifunga tena, likarudi tena, halina haya. Wiki iliyopita alikuwa akimwandikia jirani barua ya kuomba kazi, na kompyuta ikaganda kwenye "Ndugu Meneja". Jirani alisubiri mpaka akaona aibu, akaaga.

"Mwite fundi," mkewe alimwambia.

"Nitamwita."

"Mwezi uliopita ulisema hivyohivyo."

"Na sijabadilisha kauli. Mimi si kigeugeu."

Tuseme ukweli, hakuwa akimwogopa fundi. Aliogopa atakachoambiwa, kwa sababu alishaambiwa zamani na mtu mwingine, ndani ya chumba hichohicho, naye akamfukuza.

Mtu huyo alikuwa mwanawe, mtoto wao wa pekee. Alipokuwa mdogo alimsubiri baba yake mlangoni kila jioni na swali moja: "Baba, umekuja na karatasi?" Pambizo alimletea karatasi zilizoharibika kazini, na mtoto alichora upande mweupe mitambo yenye magurudumu mengi, huku upande wa pili kuna watu wanashtakiana mashamba. Ndiyo maana akaitwa Karatasi. Alipokua akaacha kuchora mitambo, akaanza kuifungua. Akiwa na miaka kumi na tisa alianza kumsumbua baba yake kuhusu mfumo wa bure. Tuhamie huko, Baba. Ni mwepesi, haudai leseni, na mtu yeyote anaruhusiwa kuutazama ndani. Pambizo alimjibu kwamba mahakama ya watu haiwezi kuchapiwa kwa vitu vya kuokota.

Siku moja alirudi kutoka kazini saa kumi, akawasha kompyuta amalizie hukumu aliyopewa ruhusa kuifanyia nyumbani, kurasa arobaini, inayosomwa kesho yake. Akakutana na kioo cheusi, mistari miwili na namba inayokimbia: mwanawe alikuwa ameuweka mfumo wa bure bila kuuliza. Akajua kazi imepotea. Alipiga kelele mpaka majirani wakazima redio wasikilize vizuri. Alimwita mwanawe mharibifu. Akamwambia aondoe mikono yake kwenye vitu vya watu, na kama nyumba imemshinda, mlango anaujua. Karatasi alijaribu kusema neno, akakatizwa, akajaribu tena, akakatizwa tena. Akafungasha nguo zake kwenye begi moja.

Hukumu haikuwa imepotea. Ilikuwa palepale, chini ya mstari wa juu, kurasa zote arobaini. Pambizo aliigundua saa moja baadaye, mtoto akiwa ameshafika kwa mjomba wake. Angeweza kumfuata jioni ileile. Hakumfuata. Kutoka kwa mjomba, Karatasi alikwenda mbali, akavuka mipaka, akapata kazi kwenye kompyuta hizohizo.

Tangu hapo aliongea na mama yake tu, kila Jumapili mchana. Mama alifanya kazi ya ziada ambayo hakuna aliyemtuma. "Baba yako anakusalimu sana," alisema kwenye simu, na Pambizo hakuwa amefungua mdomo. Akikata simu alisema, "Mwanao anakusalimu sana," na Pambizo alijua hiyo "sana" imetiwa chumvi jikoni. Aliketi nyuma ya gazeti na hakugeuza ukurasa. Alikuwa akiisikiliza ile sauti nyembamba inayovuja pembeni mwa simu, akijaribu kupima kama imenenepa, kama ina mafua, kama ina furaha. Alimtamani mwanawe. Alitamani kusikia ndala zake zikiburuta koridoni, ambazo zamani alizipigia kelele. Alitamani kumwona anakula wima, na kumsikia anavyovumisha wimbo usio na maneno akiwa amebana skrubu midomoni. Mambo haya hakumwambia mtu, na mkewe aliyajua yote.

Fundi aliitwa na mkewe, mwishowe. Alifika Jumanne asubuhi, binti mwenye miwani na begi mgongoni, akaamkia, akakataa chai mara ya kwanza kwa adabu na akaikubali mara ya pili.

"Shida ni mfumo, mzee, mashine yenyewe ni nzima," alisema baada ya kuigonga ubavuni na kusikiliza. "Huu ulionao umekwisha, na mpya wake ni mzito, mashine hii haitaubeba. Ama utafute kompyuta nyingine, ama uhamie kwenye mfumo wa bure."

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa. Watu wanauandika pamoja, dunia nzima, na kila mtu anapewa."

"Halafu hao watu wanakula nini?"

"Hata mama yangu huniuliza hivyo." Fundi akacheka. "Hebu iwashe nione."

Pambizo akaiwasha. Kioo cheusi, mistari miwili, kumi, tisa, na kidole chake kikaruka kwenye enta.

"Ngoja, mzee! Mbona haraka hivyo? Izime, uiwashe tena." Aliisogelea meza. "Wewe mfumo wa bure unao tayari. Si ule niliouona sasa hivi, mstari wa pili?"

"Huo hauguswi," alisema Pambizo. "Ndiyo maana nabonyeza mapema, nisije nikaangukia humo."

"Nani kakwambia utaangukia humo?"

Hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe, akiwa na hasira, na tangu hapo hakuwahi kupima.

"Toa mkono, mzee. Tuiache tuone."

Akaizima, akaiwasha tena, akautoa mkono, akaushika kwa mkono mwingine. Nane. Saba. Sita. Kuanzia saba, namba hizo hakuwa amewahi kuziona. Mkewe alikuja kusimama mlangoni na kikombe cha chai. Tatu. Mbili. Moja. Na kompyuta ikaingia kwenye mstari wa juu, ikakohoa kama kawaida yake, likaja tangazo lilelile lisilo na haya.

"Umeona? Usipogusa kitu, inaingia kwenye wako wa siku zote," alisema fundi. Alikuwa amekunja uso, kama mtu aliyeona mshono mzuri kwenye nguo ya mwenzake. "Lakini haiji yenyewe hivi. Ukiuweka mfumo wa bure pembeni ya mwingine, kwa kawaida wa bure ndio unakaa juu, na ndio unaoingia. Huyu aliyeuweka ameingia ndani akapanga upya kwa mkono, wa kwako akaupandisha. Alitaka asikusumbue. Alikuwa fundi gani?"

Mkewe ndiye aliyesema, taratibu, "Mtoto wetu."

"Basi alikuwa na adabu," alisema fundi.

Neno hilo lilimwingia Pambizo mpaka kwenye mifupa. Akavuta kiti, akakaa.

"Washa tena," alisema. "Ingia wa pili."

Ilifunguka kabla maji hayajaanza hata kulia jikoni. Yakatokea majina mawili: Karatasi, na chini yake, Baba. Fundi alibonyeza Baba, na hakikuulizwa kitu chochote, mlango ulikuwa wazi. Herufi zilikuwa kubwa, kubwa kuliko za kawaida. Miaka minane iliyopita Pambizo alikuwa akijitia haoni shida na macho yake, akiegemea kioo mpaka pua inagusa, na alidhani siri hiyo ni yake. Katikati ya kioo kulikuwa na faili moja tu. Iliitwa Ukurasa wa Hukumu.

Ndani yake mlikuwa na ukurasa mtupu wenye mstari mmoja juu: "Jaribu hapa, Baba."

"Uchape," alisema Pambizo. Printa ikakohoa karatasi moja. Aliilaza mezani, akaweka vidole vitatu upande wa kushoto. Vilienea sawasawa. Akaweka kidole kimoja kulia. Kikaenea.

"Hii ilitengenezwa lini?" aliuliza.

Fundi akatazama, akamtajia tarehe. Pambizo aliijua tarehe hiyo kuliko ya kuzaliwa kwake. "Saa nane na dakika kumi mchana," fundi aliongeza. Yaani saa mbili kasoro kidogo kabla baba hajarudi kupiga kelele. Kijana alikuwa amempangia chumba, akamtandikia, akakaa kumsubiri mlangoni kama zamani, na mikono ya baba safari hii ilikuja mitupu.

"Umezeeka kidogo huu, lakini nitaupandisha mpaka wa leo," alisema fundi, ambaye hakuwa na habari ya yote hayo. "Sema tu, mzee, tuhame?"

"Hamisha mafaili yangu yote. Halafu ule wa juu ufute."

"Na hili jina la Karatasi? Limefungwa kwa neno la siri. Nikilifuta tutapata nafasi kubwa. Au mwenyewe akutajie neno, tulifungue."

Pambizo alimnyooshea mkewe kiganja. Mkewe hakuuliza, akaweka simu juu yake. Iliita mara mbili.

"Mama? Kuna nini? Leo si Jumapili!"

"Si mama," alisema Pambizo. "Ni mimi."

Pambizo akaitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Barua za kuomba radhi aliwachapia watu wengi maishani, na zote zilikuwa na pambizo nzuri, lakini ya kwake haikumjia hata mstari. "Nimeingia wa pili," alisema.

"Leo?"

"Leo. Mimi siku zote nilikuwa nabonyeza haraka. Sikuiacha ifike mwisho hata mara moja. Nilikukosea, mwanangu."

Sauti ya Karatasi ilikuwa ya mtu anayetembea akitafuta pa kukaa. "Herufi unaziona vizuri, Baba? Nilizikuza kidogo."

"Naziona," alisema Pambizo, na kwa wakati huo hakuwa akiona hata moja. Akajifuta kwa kiwiko. "Kuna fundi hapa. Anasema jina lako limefungwa, anataka neno la siri."

"Ah, hilo rahisi. Andika, ni—"

"Usinitajie!" Alikaribia kupiga kelele, akajishika. "Fundi hataligusa. Litabaki kama ulivyoliacha. Njoo ulifungue mwenyewe."

Mkewe alikwenda kuzima jiko ili asikie jibu. Upande wa pili wa simu, mbali sana, mtu alipenga kamasi, kisha akauliza kama ile kompyuta bado inakaa dirishani.