Misuko Mitatu

"Kovu gani?" Hakimu alifunua faili mpaka karatasi ya mwisho. "Ofisa wa ustawi ameandika njaa na utoro wa shule. Habari ya kuchomwa haimo."

Marcelline alisimama. Vidole vyake vilikuwa bado vinanukia jeli ya kusukia. "Iko nyuma ya kichwa, mheshimiwa. Nimeona na macho yangu."

"Aonyeshe!" Peguy, shangazi wa mtoto, alijipiga paja. "Nimelea mtoto wa marehemu kaka yangu miaka tatu, leo naitwa muuaji? Angalieni ile kichwa. Kovu iko wapi?"

Wote wakamtazama Cathy. Miaka tisa, sare iliyopigwa pasi, twende kilioni nyembamba zilizonyooka kama mistari ya daftari. Hapakuwa na mtoto nadhifu kumzidi katika mahakama nzima ya watoto, na Marcelline alitamani sakafu immeze.

Hakuwa wakili. Alikuwa msusi wa soko la Warwick, mhamiaji mzaliwa wa Bukavu, na mara mbili kwa mwezi alifunga meza yake akaja kuwasemea bure watoto wasio na wa kuwasemea. Jana alikwenda Morningside, kwenye makao alikohifadhiwa Cathy mpaka hakimu aamue kama atarudi kwa shangazi yake huko Jacobs. Alibeba chanuo na nywele za bandia. Kwao mtoto hapelekwi mbele ya wakubwa na kichwa timtim. Aibu ni ya waliomsindikiza.

Alipofika kisogoni, chanuo likateleza juu ya ngozi laini isiyo na unywele hata mmoja. Umbo lake lilikuwa la ncha ya pasi.

Cathy alimshika mkono. "Funika, maman. Batu bataona."

"Hakuna mutu ataona," Marcelline akaapa. Akasuka misuko miwili kando, wa tatu akaulaza juu ya kovu, kwa ustadi wa miaka kumi na minane. Alidhani mahakamani mdomo wake ungetosha. Na huyu ndiye mwanamke anayewasuta wateja wa mawigi, kila siku ya Mungu, kwamba mficha uchi hazai! Alikuwa na hasira na Peguy, lakini hasira kubwa zaidi ilikuwa juu ya vidole vyake mwenyewe.

"Simlazimishi mtoto," alisema hakimu. "Baada ya nusu saa nesi atakuwa ofisini kwangu. Mtoto asipotaka kuonyesha, nitaamua kwa yaliyomo kwenye faili."

Yaliyomo kwenye faili yangetosha kumpa Peguy onyo, kisha kumrudishia mtoto.

Kwenye ukumbi wa nje Marcelline alichuchumaa mbele ya benchi. "Nilikosa, mtoto yangu. Nilifunika kitu ya kuonyesha."

"Uliapa."

"Ndiyo. Sitagusa kichwa yako kama hautaki."

Peguy alisimama mwisho wa ukumbi, mkoba kwapani, hapepesi macho. Cathy alimtazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nikikataa, narudi kwa tantine?"

Marcelline alitamani kumdanganya. "Eish, Cathy. Pengine."

Mtoto akashuka kwenye benchi, akamwambia Marcelline akae yeye, akaketi sakafuni katikati ya magoti yake, kama wanavyoketi watoto wote wanaosukwa.

Marcelline akatoa chanuo mkobani, akaanza kufumua. Alianzia misuko ya paji la uso, akaenda ya masikioni, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuanzia kule kisogoni. Kazi ya saa tatu nzima za jana ilikuwa inamfia mikononi. Nywele za bandia zilijaa mapajani, na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Utanisuka tena?" Cathy aliuliza.

"Siku utaniambia."

Ilikuwa imebaki mitatu, ile ya kisogoni, mlango wa ofisi ya hakimu ulipofunguliwa na karani akaita jina la mtoto. Marcelline akaharakisha vidole. Cathy akaupata mkono wake, akaushika kama jana.

"Acha, maman. Hizi nitafungua miye."

Akainuka. Kichwa kilikuwa timtim kote, misuko mitatu ikining'inia nyuma. Alimpita shangazi yake taratibu, bila kumtazama. Mlangoni akasimama, na bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

Marcelline akamwekea chanuo.