Mke Mwenza wa Plastiki

Kaka yangu ni injinia, na tangu aanze kuitwa hivyo hakuna anayepumua nyumbani bila ruhusa yake. Alinivisha glavu zenye nyaya za kurekodi mikono na sauti yangu, nikawa namwinua Bibi nazo kitandani, namgeuza, nampeleka bafuni. Eti anatengeneza mashine ya kunipunguzia kazi. Mimi mjinga nikavaa.

Leo kaileta. Roboti ya kimo changu, vidole vya mpira laini, kifua chenye joto, na sauti yangu mwenyewe. Niliposikia inasema "pole, Bibi" nilitamani kuitandika kwa ndoo.

"Bibi akiikubali, chumba chako nakifanya karakana," kaka akasema, hata hajakaa. "Utatafuta pa kwenda."

"Na Bibi atatunzwa na nani?"

"Si hiyo hapo? Haichoki, hainuni. Na zile kelele zako nimezifuta zote."

Kelele. Bibi haoni tena, na haniiti mjukuu. Ananiita mke mwenza. Kila nikimwinua namwambia ajikaze, mume wetu Babu hakuoa gunia. Naye hunijibu kwamba Babu angeiona miguu yangu angehama nyumba. Hapo hucheka, na akicheka mwili unalegea, nyonga haimuumi sana, ndipo namnyanyua.

Roboti ikamnyanyua kimya kimya. Sitasema uongo, ilimshika vizuri. Lakini Bibi alikakamaa, akaipapasa vidole.

"Mke mwenza, umeninunia?"

"Uko salama, Bibi," ikajibu kwa sauti yangu.

"Nimekukosea nini, mwanangu? Nisamehe." Machozi yakaanza kumtoka. Nilimchukia kaka yangu pale pale.

Nikafungua mdomo nimtanie Bibi. Kaka akachomoa simu haraka. "Ngoja nirekodi. Kumbe hicho ndicho kilichopungua. Sema taratibu."

Nikaufunga. Bibi akaniita tena, huku ameing'ang'ania ile mashine shingoni.

Nikamsogelea, nikabandika midomo sikioni mwake, nikamnong'oneza utani mchafu kuliko wote tuliowahi kutaniana, wa Babu na siku ya harusi yao. Akacheka hadi akakohoa. Akaiachia roboti, akanishika mimi.

"Kakwambia nini?" kaka akauliza, simu bado iko juu. "Bibi, amesema nini?"

"Hayo ni ya wake wenza," Bibi akasema, akijifuta macho. "Wewe toka nje, na huyo mkeo utoke naye."